Kiungo cha friji kitakachohimili rashi

Ukipita kwenye vibanda vya vinywaji vya Katoro, Nyarugusu au Kakola mwezi wa Oktoba, jua limekaza na mvua bado haijafika, utasikia lalamiko lile lile: "Friji imeisha gesi." Fundi huitwa, akaja na kimtungi chake na geji, akajaza, akalipwa, akaondoka. Mwezi haujaisha, soda ni za moto tena, na mwenye kibanda anatafuta fundi mwingine kwa sababu wa kwanza hapokei simu.

Gesi ya friji haiishi. Haiungui kama ile ya kupikia, wala kompresa haiili. Inazunguka humo humo, kutoka kompresa kwenda kondensa, ikapita kapilari, ikaingia evapareta na kurudi, na gramu zilizopimwa kiwandani zinaweza kukaa miaka ishirini bila kupungua. Zikipungua, pana tundu. Na kwenye friji iliyokwisha kufunguliwa, mahali pa kwanza pa kulitafuta tundu hilo ni kwenye kiungo alichokiacha fundi wa mwisho.

Basi leo tuzungumzie kiungo hicho. Ulehemu kwa bati, au ubrezi kwa fimbo ya shaba na fedha? Nawaandikia vijana waliotoka VETA Shinyanga na kwingineko wakiwa na cheti kipya, nawaandikia waliojifunza kwa kumshikia mzee tochi, na nawaandikia pia wenye friji, maana wao ndio wanaolipa mara mbili.

Friji za ukanda wa dhahabu zina maisha magumu kuliko za Mikocheni. Ikisikika kwamba dhahabu imetoka pori fulani, rashi inahama: mama ntilie, muuza soda, mwenye banda la video, wote wanafunga mizigo. Friji inapandishwa kwenye guta au juu ya Fuso, inalazwa ubavu, inarushwarushwa kwenye njia za vumbi za kuingia machimboni, kisha inateremshwa chini ya turubai na kuunganishwa na jenereta ambayo umeme wake unapanda na kushuka. Kompresa ikiwaka kwa umeme hafifu hutetemeka mwili mzima, na mtetemo huo unaishia kwenye paipu mbili tatu zilizoungwa ubavuni mwake. Kiungo kilichotosha friji ya sebuleni Shinyanga mjini kinaweza kukatika machimboni Mgusu.

Nauweka msimamo wangu mapema. Kwenye paipu ya friji, kubrezi ndiyo kazi ya kawaida. Kulehemu kwa bati lenye fedha kuna mahali pake pachache, na pakiwa pake, ni kazi halali. Waya wa risasi wa mafundi redio hauna mahali popote. Mafundi wengi kwetu huchagua njia kwa kutazama tochi na fimbo walizo nazo mkobani. Kinachostahili kutazamwa kwanza ni kiungo chenyewe: ni metali gani mbili zinakutana, joto lake kazini ni kiasi gani, kinatikisika vipi, na ndani mwake inapita gesi gani.

Mpaka wa kazi hizi mbili ni nyuzijoto 450 za Selsiasi. Metali ya kujazia ikiyeyuka chini ya hapo, unalehemu. Ikiyeyuka juu ya hapo, huku paipu zenyewe zikibaki nzima, unabrezi. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo nafasi ya kufanyia kazi ipo ya kutosha. Katika njia zote mbili metali ya kujazia hunyonywa na upenyo mwembamba kati ya paipu ya nje na ya ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Upenyo huo uwe kati ya milimita 0.03 na 0.12 hivi. Ukizidi, mvuto unakufa, na fundi anaanza kupaka metali kwa nje kama anayeziba ufa wa ukuta. Kiungo cha kupakwa hupendeza siku ya kwanza tu.

Risasi kwanza, tuimalize. Waya wa bati na risasi huanza kulainika kwenye nyuzi 183. Fundi anasema: "Mbona friji haifiki huko?" Kweli haifiki, lakini metali haisubiri kuyeyuka ndipo ichoke. Paipu inayotoka kompresa kwenda kondensa huweza kupita nyuzi 80 mchana wa Shinyanga, na kompresa ikizidiwa kwa sababu vumbi limeziba kondensa, hukaribia 100. Kiungo cha risasi kinachobanwa kwenye joto hilo hutambaa: kinajivuta polepole, siku hadi siku, mpaka ufa wa kucha ya mtoto unajitokeza. Kwenye nyuzi 120 shinikizo kinaloweza kubeba kwa usalama ni chini ya nusu ya lile la nyuzi 38. Sasa pima na shinikizo lililomo ndani. Gesi ya R-134a, kondensa ikiwa nyuzi 45, husukuma kwa bar 10 na ushee kwenye geji. R-22 ya viyoyozi vya zamani inafika 16. R-410A, iliyo kwenye viyoyozi vingi vya ofisi za kununulia dhahabu na nyumba za wageni za Geita na Kahama, inapita 26. Hiyo ya mwisho hata usiifikirie kwa bati la aina yoyote.

Halafu kuna fluksi. Kwenye paipu, waya huo mara nyingi hutumiwa na fluksi ya asidi, na fundi mwenye mkono mzito huipaka hadi mdomoni mwa paipu. Inayoingia ndani haitoki. Inakwenda na mafuta mpaka kompresa, inakula shaba na waya za mota, na baada ya miezi kompresa inakufa kwa ugonjwa ambao hakuna atakayeuhusisha na kiungo. Mwenye friji ataambiwa umeme ndio ulioiua. Umeme wetu una makosa yake mengi, lakini hili si lake.

Kubrezi shaba kwa shaba ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyoogopwa. Fimbo bapa za shaba na fosforasi zinazouzwa kwa mafundi wa friji hazihitaji fluksi kabisa pale shaba inapokutana na shaba, kwa sababu fosforasi yenyewe husafisha kutu ya shaba wakati wa joto. Zipo zisizo na fedha, zenye fosforasi karibu asilimia 7, na zipo zenye fedha asilimia 5 au 15. Wauzaji watakwambia yenye fedha nyingi ni bora, basi. Si hivyo tu. Isiyo na fedha huwa nyepesi sana ikiyeyuka, inapenya vizuri kiungo kilichobana sawasawa, lakini ikishapoa ni ngumu na haipendi kukunjwa wala kutikiswa. Yenye asilimia 15 huyeyuka kidogo kidogo, kati ya nyuzi 640 na 800 hivi, kwa hiyo inajaza nafasi iliyolegea kidogo, na ikipoa ina unyumbufu. Kwa friji ya dukani Kahama isiyohama, ya kwanza inatosha. Kwa friji itakayofuata rashi, kiungo cha karibu na kompresa kipe asilimia 15. Ni vipande vichache vya sentimita kwa kazi nzima, na mteja akielezwa anaelewa.

Tochi ya mkononi ya gesi ya kawaida inafika joto hilo kwenye paipu nyembamba za friji, mradi upepo usiuibe moto. Kinga kwa kipande cha bati la kuezekea au cha tofali la kuchoma nyuma ya kiungo, joto lirudi. Huhitaji mtungi wa asetilini kwa paipu ya robo inchi. Kwa kweli fundi asiyeizoea asetilini hutoboa paipu nyingi kuliko anazounga.

Sasa chuma. Hapa ndipo viungo vingi vizuri kwa macho huvunjika vikiwa bado vinang'aa. Friji nyingi za nyumbani zina kondensa ya chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na vipaipu vinavyotoka kwenye kompresa mara nyingi ni chuma kilichovishwa ngozi nyembamba ya shaba. Ukikwangua kwa msasa na kuona rangi inageuka kutoka nyekundu kuwa ya fedha, umefika kwenye chuma. Sumaku ndogo mfukoni inakujibu haraka zaidi. Fimbo ya fosforasi usiiguse hapo. Fosforasi ikikutana na chuma huunda utando mgumu unaokatika kama biskuti. Kiungo kinashika, kinapita hata jaribio la povu, na safari ya kwanza juu ya Fuso kinaachia.

Kwa chuma na shaba, au shaba na shaba njano, unahitaji fimbo ya fedha halisi, yenye fedha asilimia 45 hadi 56, pamoja na fluksi yake. Na hapa ukanda wa dhahabu una mtego wa peke yake: boraksi. Inauzwa kila mahali kwa ajili ya kuyeyushia dhahabu, sonara anayo, mchenjuaji anayo, na fundi wa friji anaiazima. Anamwona sonara akiunga pete kwa boraksi na kazi inatoka safi, akasema basi hata mimi. Tatizo ni joto. Boraksi huyeyuka karibu na nyuzi 740. Fimbo yenye fedha asilimia 56 huanza kuyeyuka kwenye 618 na inamiminika kufikia 652. Kwa hiyo metali iko tayari na boraksi bado ni unga uliovimba, haijaondoa kutu yoyote. Fundi anaongeza moto ili boraksi ilainike, zinki iliyomo kwenye fimbo inaanza kuungua na kutoa moshi mweupe, na kiungo kinajaa matundu. Boraksi ni rafiki wa fimbo ya shaba njano, inayoyeyuka karibu na nyuzi 900. Ukitaka kuunga mguu wa meza ya chuma, itumie. Kwa fimbo ya fedha nunua fluksi nyeupe ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili yake. Hiyo inakuwa maji maangavu kama kioo kwenye nyuzi 600 hivi, na kukuonyesha kwamba sasa ndio wakati wa kugusa kwa fimbo. Ukimaliza, iondoe kwa maji ya moto na brashi, kwani ikibaki inakula chuma.

Pale pale kwenye fimbo za fedha, soma karatasi yake. Fimbo za zamani zilikuwa na kadimiamu, na moshi wake hauumizi papo hapo. Unarudi nyumbani, unakula, usiku mapafu yanaanza kujaa. Fimbo isiyoandikwa imechanganywa nini, iliyouzwa kwa bei ya kutupa, iache dukani.

Dogo lingine la huku kwetu: zebaki. Ukiitwa kutengeneza friji au kiyoyozi kwenye chumba ambamo watu huchoma dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, ujue mvuke wake hutua. Zebaki huvunja ngozi ya kinga ya alumini na kuila, na huchanganyika kwa urahisi na fedha. Evapareta ya alumini iliyotobokatoboka bila sababu ndani ya chumba cha namna hiyo haina haja ya kuzibwa. Ina haja ya kuhamishwa, na wewe pia usikae humo.

Alumini yenyewe ni somo la peke yake, nitaligusa tu. Friza nyingi za siku hizi zina evapareta ya alumini, na kinachoitoboa mara nyingi ni kisu cha mtu mwenye haraka ya kubandua barafu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na haibadiliki rangi kabla ya kuanguka, kwa hiyo jicho lililozoea wekundu wa shaba linadanganywa. Mbaya zaidi, alumini na shaba zikigusana kwenye joto la nyuzi 548 huanza kuyeyushana zenyewe. Fimbo za zinki na alumini zinazoyeyuka chini ya 500 zinaweza kuziba tundu dogo mikononi mwa aliyezizoea. Mimi pale alumini inapokutana na shaba ningependelea kiungo cha kubana, kile cha pete kinachokazwa kwa koleo maalumu bila moto. Kisha ningekivisha mpira wa kusinyaa ili unyevu usiingie, maana metali hizo mbili zikilowana pamoja, alumini inaliwa.

Koleo hilo la kubana ni ghali, lakini kuna sababu nyingine ya kulinunua, na ndiyo inayonifanya niandike kwa herufi nzito moyoni: R-600a. Tazama kibandiko cha kompresa. Ukiona R600a na pembetatu ya njano yenye mwali wa moto, ndani ya friji hiyo kuna isobutani, ndugu wa gesi ya jikoni. Inashika moto ikifikia asilimia 1.8 tu ya hewa, ni nzito mara mbili ya hewa, inatambaa chini kutafuta jiko, na tofauti na ya jikoni, haikutiwa harufu ya kukuonya. Friji ndogo mpya nyingi zinazoletwa nchini zinatumia gesi hii. Ni nzuri, haigusi tabaka la ozoni na kiasi chake ni kidogo, mara nyingi chini ya gramu 80, na kiwango cha kimataifa kwa friji za nyumbani kimeweka ukomo wa gramu 150. Lakini fundi aliyezoea kutia moto kwenye kiungo cha zamani ili kukiachanisha, akifanya hivyo hapa, atakutana na ulimi wa moto usoni.

Friji hiyo itoe nje kwenye upepo, mbali na jiko la mama ntilie na mbali na jenereta. Mwache mteja aone unavyoisogeza. Gesi itoke kwa mpira mrefu mpaka mahali pa wazi. Usidhani imekwisha kwa sababu mlio umekoma: mafuta ya kompresa hunywa isobutani na kuendelea kuitoa taratibu, hasa kompresa ikiwa ya moto. Kwa hiyo vuta kwa pampu ya vakyumu iliyowekwa nje, pitisha naitrojeni, vuta tena, pitisha tena. Paipu kata kwa kikata paipu, kamwe si kwa moto. Baada ya hapo kiungo cha kubana ndilo chaguo langu la kwanza. Kama huna, unaweza kubrezi naitrojeni ikipita. Na usiondoe R-600a ukajaza R-134a eti kwa sababu ndiyo uliyo nayo. Kompresa na kapilari vilipimwa kwa gesi moja. Itapoza wiki mbili na kuungua.

Nimeitaja naitrojeni, na najua kila fundi wa vijijini ananuna hapa. Mtungi wake ni mzigo, rigileta yake ni pesa, na wengi wamebrezi miaka bila hiyo. Kinachotokea bila naitrojeni ni hiki. Shaba ikifika wekundu, hewa iliyo ndani ya paipu huifanya ivae magamba meusi. Nje unayaona, unayapiga msasa. Ndani yanabaki. Gesi za siku hizi kama R-134a zinaambatana na mafuta ya esta ambayo huosha paipu kuliko yale ya zamani ya R-12, na yanayabandua magamba hayo na kuyapeleka kwenye kapilari, ambayo tundu lake la ndani kwa friji ya nyumbani ni kama milimita 0.7. Friji inapoza siku kumi, inaziba, fundi anasema ni unyevu, anabadilisha filta draya, inaziba tena. Naitrojeni ya kukinga haihitaji kasi. Fungua kiasi cha lita mbili au tatu kwa dakika, uisikie tu shavuni ikitoka upande wa pili. Ukiisukuma kwa nguvu inapoza kiungo na kutoboa njia katikati ya fimbo iliyoyeyuka. Mafundi watatu wa Katoro wakichanga, mtungi mmoja unawahudumia muda mrefu.

Na hapa kuna jambo ambalo sitalipunguza makali. Karakana za kuchomelea makarasha na mashine za mgodini zimejaa ukanda huu mzima, na kila moja ina mtungi wa oksijeni. Naitrojeni ni adimu, oksijeni iko jirani. Fundi anataka kupima kiungo kwa shinikizo, anaazima mpira wa oksijeni dakika moja. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka bila cheche wala kiberiti. Kompresa inageuka bomu la chuma mbele ya kifua cha mtu. Imeshaua mafundi sehemu nyingi duniani. Huna naitrojeni? Ahirisha kazi. Mteja akikasirika, mwache akasirike.

Kwa mkono wenyewe, nitaeleza kiungo kimoja tu, cha filta draya, kwa sababu ndicho kinachoharibiwa kuliko vyote. Draya mpya usifungue vizibo vyake mpaka dakika ya mwisho; hewa ya Geita wakati wa masika itaijaza maji kabla hujaanza. Kapilari usiikate kwa plaisi. Ichore kwa tupa pembeni, ikunje huku na huku ivunjike, tundu libaki duara. Safisha sentimita tatu za nje kwa msasa mwembamba, mdomo ukielekea chini ili unga usiingie. Iingize ndani ya draya kama sentimita mbili, isiguse wavu. Ukiiingiza kidogo mno, fimbo itafuata mvuto na kuziba tundu lile la milimita 0.7, kisha utahangaika nusu siku ukidhani kosa liko kwingine. Funga kitambaa kibichi kwenye tumbo la draya. Moto uanze kwenye paipu iliyo nene, si kwenye kapilari, maana kapilari itayeyuka ungali unatafuta kiberiti cha sigara. Sogeza mwali mbele na nyuma. Shaba itapita rangi ya chungwa, ya zambarau, kisha nyekundu iliyofifia unayoiona vizuri ukiwa kivulini. Hapo gusa kwa fimbo upande ulio kinyume na moto. Paipu ndiyo iyeyushe fimbo. Ukiiyeyusha kwa mwali itadondoka kama nta na kukaa juu bila kuingia. Ikiingia utaona duara jembamba linang'aa limezunguka mdomo wote mara moja. Ondoa moto. Usiongeze. Acha kiungo kipoe chenyewe, bila kukimwagia maji, naitrojeni ikiendelea kupita mpaka kishikike kwa mkono.

Lile bati lenye fedha nililolitaja mwanzoni, la bati asilimia 96 na fedha 4 au lenye fedha 6, linayeyuka kuanzia nyuzi 221 na halina risasi. Mahali pake ni pale moto mkubwa utakapoharibu zaidi ya utakavyosaidia. Paipu ya kurudi kwenye kompresa, ile ya baridi, inayopita karibu na plastiki na povu la kuta, huweza kulehemiwa nalo bila wasiwasi, kama mdomo umeingia vya kutosha na upenyo umebana. Linashika pia chuma na shaba pamoja likiwa na fluksi yake, na linasaidia kuziba ncha ya paipu ya kujazia baada ya kuibana kwa koleo. Lina faida nyingine isiyosemwa: shaba iliyobreziwa hulainika kwa sababu ya joto, wakati iliyolehemiwa hubaki na ugumu wake. Ila fluksi paka kidogo, kwenye paipu ya ndani pekee, ukiacha milimita tatu za mwisho bila kupaka. Kwenye paipu ya moto inayotoka kompresa usilitumie, na kwenye friji inayosafiri silipendekezi kabisa upande wa kompresa. Hapo brezi, kisha ipe paipu mkunjo mpana wa kutosha ili mtetemo umalizikie kwenye mkunjo kabla haujafika kiungoni. Hakikisha na raba nne za miguu ya kompresa zipo. Nimeona friji nyingi zenye raba mbili.

Kuna friji moja ambayo fundi wa mtaani asiiguse kwa njia yoyote kati ya hizi: ya chanjo kwenye zahanati. Ikisita, zahanati iwaite wahusika wa halmashauri. Kinachoharibika humo ni dozi za watoto, na haitoshi kwamba inapoza. Lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8 usiku kucha.

Kazi ikiisha, pima kabla ya kujaza. Naitrojeni, bar 10 kwa friji ya nyumbani, au kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko kama ni kidogo zaidi. Povu la sabuni ya kuoshea vyombo kwa brashi, mzunguko mzima wa kiungo, na kioo kidogo cha kutazamia nyuma yake. Usitazame sekunde tano ukaondoka. Tundu dogo hutoa povu jeupe jembamba baada ya dakika. Iache na shinikizo wakati unakunywa chai, kisha soma geji tena, ukikumbuka kwamba kivuli kikihamia kwenye friji mshale utashuka kidogo bila kuwepo uvujaji. Halafu vakyumu hadi maikroni 500, na gesi kwa mizani.

Mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike nyuma ya friji, karibu na kompresa: tarehe, gesi na gramu zake, kiungo kipi umekiunga kwa fimbo gani, na namba yako ya simu. Mwenye friji atakusukuma useme kazi ina dhamana ya muda gani. Mwambie dhamana ni ya kiungo ulichokiandika hapo, hata friji ikiwa imeshahamia Rwamgasa, na asikubali mtu yeyote aijaze gesi bila kwanza kukipima hicho.